Tumbo la Siri: Glasi ya Sukari

Sijui wewe, msomaji, lakini mimi wiki nzima nimekaa roho juu. Tulimwacha Mama Keki kwenye benchi la kliniki, glasi ya maji ya sukari imeshagusa mdomo, nesi amesimama mbele yake na mama mkwe amekaa ubavuni akimtolea macho. Akinywa, tumbo lake litamuumbua. Asiponywa, itabidi aeleze kwa nini, na maelezo hayo hajawahi kuyatoa mbele ya mtu yeyote wa familia yake.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti, nakupa kwa ufupi halafu tusonge.

Mama Keki si mama wa mtu. Jina hilo amebandikwa na wateja, maana kazi yake ni kuoka keki za sherehe, na nyingi ni za watoto wa watu. Zamani alikuwa mnene wa kuombewa kiti cha peke yake. Leo amepungua karibu nusu, na mtaa mzima unaamini ni kujinyima na kutembea kwa miguu. Mumewe, fundi wa minara ya simu ambaye kazi humweka mbali na nyumbani wiki kwa wiki, anaamini alitolewa vijiwe kwenye nyongo kwa vitundu vidogo tu, si kwenye kitanda cha upasuaji, kisha hamu ya kula ikampotea yenyewe.

Ukweli anaujua yeye na daktari aliyempasua. Mfuko wake wa chakula umekatwa, umebaki mdogo wa kujaa kwa vijiko vichache, na utumbo umeunganishwa upya. Alikubali kisu kwa sababu moja tu: anataka mtoto, na madaktari walimwambia uzito ule na presha ile havimpi nafasi nzuri. Mume hakuambiwa kwa sababu mume alishaapa. Dada yake mkubwa alifia kwenye kitanda cha upasuaji akijifungua, na siku ya mazishi fundi alisema mbele ya watu, "Hakuna mtu wa nyumba yangu atakayelala tena kwenye kitanda kile."

Haya. Turudi kwenye benchi.

"Kunywa yote, dada, usiache tone," nesi alisema. "Halafu ukae hapahapa. Baadaye tunachukua damu, tunaona mwili wako unaishughulikia vipi sukari."

"Ni lazima leo?" Mama Keki aliuliza.

"Wewe si unataka kushika mimba? Na kwenu si kuna ugonjwa wa sukari?"

"Upo, tena mwingi," mama mkwe alidakia. "Mama yake mzazi aliondoka nao. Tunataka mjukuu mzima, nesi, hatuji hapa kubahatisha. Kunywa, mwanangu. Maji matamu hayo, si shubiri."

Nesi alitazama karatasi yake kwa mara nyingine.

"Na upasuaji uliowahi kufanyiwa ni huo wa nyongo tu?"

"Huo tu," mama mkwe akajibu, kama kawaida yake ya kuwajibia watu.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja lingetosha. Mama Keki alifungua mdomo, akamwona mama mkwe amegeuka kumsikiliza, neno likarudi lilikotoka. Badala yake akaingiza sukari.

Alikunywa yote.

Unapaswa kujua, msomaji, kwamba huyu mwanamke anayeishi kwa kuuza vitu vitamu alikuwa hajameza kitu kitamu tangu alipopasuliwa. Krimu zake anazionja kwa ncha ya ulimi, kisha anatema kwenye sinki na kusukutua. Mara moja tu alijisahau akameza kipande cha keki, akalala sakafuni jikoni mpaka dunia ilipotulia. Na sasa amebugia glasi nzima.

Hakukaa sana. Kwanza moyo ulianza kwenda mbio. Kijasho chembamba kikamtoka kwenye paji la uso, kikageuka jasho la kweli. Tumbo likajikunja. Wanawake waliokaa benchi la mbele wakaanza kuonekana wawili wawili.

"Mama," alinong'ona, "nishike."

Mama mkwe hakuwahi. Mama Keki aliteleza kutoka kwenye benchi, akatapika kwenye sakafu iliyopigwa deki muda huohuo.

Halafu mama mkwe akaruka juu, mikono hewani.

"Mimba hiyo! Jamani, mimba hiyo! Kutapika, jasho, kizunguzungu! Mimi nimezaa, sidanganyiki!"

"Mama, subiri kwanza," nesi alisema huku akipiga magoti sakafuni. "Mimba haimwangushi mtu namna hii kwa glasi moja. Hebu nisaidie kumwinua."

Lakini mama mkwe alikuwa ameshazama kwenye mkoba kutafuta simu. Alikuwa ameipata. Alikuwa ameshabonyeza. Na kwa kuwa masikio yake si mazima, aliiweka simu kwenye spika, ukumbi mzima ukaalikwa.

"Mwanangu! Uko juu ya mnara au uko chini?"

"Nimeshuka, mama. Kuna nini?"

"Kaa chini kabisa! Mkeo ana mimba!"

Wanawake kwenye mabenchi walipiga makofi. Mmoja alipiga mluzi. Simu ilibaki kimya, kimya kirefu, upepo wa huko kwenye minara ukisikika peke yake.

"Mwanangu? Unanisikia?"

"Nimesikia," sauti ya fundi ilisema. "Nakuja nyumbani." Na simu ikakatwa.

"Mmeona?" mama mkwe aliwaambia wageni wake wa benchi, machozi yakimlengalenga. "Furaha imemnyima hata maneno!"

Pale chini Mama Keki alitaka kusema hapana, si hivyo, jamani si hivyo. Lakini alikuwa anajikaza asitapike tena, na hakuna aliyekuwa anamtazama usoni.

*

Daktari wa kliniki ile ni mama mtu mzima wa maneno machache. Alimtoa mama mkwe nje ya chumba bila majadiliano, akamlaza Mama Keki kitandani, akaning'iniza dripu, kisha akainua blauzi yake kidogo na kutazama tumbo.

Akahesabu kwa kidole vikovu vidogo vilivyotawanyika pale.

"Nani alikwambia nyongo inaacha alama zote hizi?"

Mama Keki alitazama dari.

"Dada, mimi si polisi. Lakini sukari uliyopewa pale nje huwa hatumpi mtu aliyekatwa mfuko wa chakula. Tunampima kwa njia nyingine, kwa kutoboa kidole kidogo kwa siku kadhaa huku anakula chakula chake cha kawaida. Nesi wangu angejua, asingekugusa na ile glasi. Kwa nini hukusema?"

"Mama mkwe alikuwa pale."

"Na mumeo anajua?"

"Hajui."

"Nani anajua?"

Mama Keki alifikiri, akataka kutaja mtu, yeyote yule. Hakumpata.

"Wewe," alisema. "Ukimtoa aliyenipasua, wewe ndiye wa kwanza."

Daktari alivua miwani, akavuta kiti.

Wengine mngetaka nikuambieni kwamba alimkumbatia. Hakumkumbatia. Alimhoji. Ulipasuliwa lini? Mwaka haujatimia. Unapungua bado? Kidogo kidogo, ndiyo. Unameza vitamini zako kila siku?

Hapo Mama Keki akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nilikuwa nameza," alisema. "Nilizificha kwenye kopo la rangi za keki. Mama mkwe alipohamia kwetu kusaidia, akawa anapanga jiko kila asubuhi. Nikazihamisha. Nikahamisha tena. Siku hizi nameza siku nikipata nafasi."

"Kwa hiyo humezi."

"Simezi."

"Sikiliza basi, kwa sababu hili ndilo lililokuleta, ingawa hukulijua." Daktari aliongea polepole. "Mwili uliokatwa tumbo unaweza kubeba mimba na kuzaa mtoto mzima, tena vizuri kuliko ule uliokuwa nao mwanzo. Wapo niliowazalisha mwenyewe. Lakini si sasa. Mwili ungali unajila wenyewe. Ukishika mimba leo, wewe na mtoto mtagombania kijiko kimoja. Subiri uzito utulie, mwaka upite na miezi kadhaa juu yake. Madini ya damu yajazwe kwanza, vitamini zirudi, na ile inayolinda uti wa mgongo wa mtoto uanze kuimeza kabla ya mimba, si baada. Usijinunulie vidonge dukani, maana vingine vina vitamini A ya aina mbaya kwa mtoto. Nitakuandikia mimi. Damu yako nitaipima kila baada ya muda. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na kwa sasa unazuia kwa kutumia nini?"

"Vidonge vya uzazi wa mpango, kwa siri, tangu nilipopasuliwa. Niliambiwa nisubiri."

Daktari akaacha kuandika.

"Vya kumeza?"

"Ndiyo."

"Kwa upasuaji wako wewe, vidonge vya kumeza si vya kutegemea. Utumbo unaovinyonya si ule tena. Hakukwambia aliyekupasua?"

Aliambiwa, bila shaka. Aliambiwa mambo mengi siku ile akiwa bado na usingizi wa dawa, na hakukuwa na mtu kando ya kitanda wa kumsaidia kukumbuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amezungukwa na watu mpaka wengine wamekalia ndoo. Mama Keki alikuwa na mkoba wake.

"Tupime mkojo," daktari alisema.

Walipima. Wakasubiri. Mama Keki aliyasikia makofi ya nje yakianza upya, mama mkwe akiwasimulia waliofika nyuma. Akawaza: je, kama mama mkwe amebahatisha? Aliogopa jibu la ndiyo, na dakika ileile akagundua kwamba alikuwa analiomba.

"Huna mimba," daktari alisema. "Na tushukuru."

"Tushukuru," Mama Keki aliitikia, kisha akalia mpaka shuka la kliniki likalowa.

Daktari alimwacha alie. Alipomaliza, alimpa kitambaa na sharti.

"Nitakusaidia kupanga mimba yako kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lakini sipangi na mtu mmoja. Siku utakapoanguka nyumbani, atakayekuokota lazima ajue tumbo lako limeundwaje, asije akakupa soda akidhani anakuokoa. Mlete mumeo."

"Ataniacha."

"Labda," daktari alisema. "Mlete."

*

Teksi ilimrudisha nyumbani na mama mkwe anayeongea na mashangazi wote kwa zamu. Mama Keki alijaribu kumkatiza.

"Mama, daktari amesema si mimba. Ni tumbo tu lilichafuka."

"Madaktari!" Mama mkwe alicheka. "Ni mapema, kipimo hakijaona. Wewe tulia. Neno la namna hiyo halisemwi kwa sauti, utamfukuza mtoto."

Nyumbani akawekewa sahani ya watu wawili. Mama mkwe alikaa mbele yake, mikono chini ya kidevu, akisubiri kuuona mjukuu wake akishiba. Mama Keki alitafuna kijiko cha kwanza mpaka kikawa maji. Cha pili vilevile. Baada ya vijiko vichache tumbo likasema basi, na mlima ule bado haujamegeka.

"Kula, mwanangu."

"Nakula, mama."

Alikigeuza chakula upande huu na upande ule, akakisambaza, akakikusanya. Kuna upweke wa kukosa watu, msomaji, na kuna huu wa kukaliwa mbele na mtu anayekupenda asijue hata unakula nini. Huu wa pili ndio mbaya, kwa sababu huwezi kumlilia mtu.

Aliposema amechoka kula, mama mkwe alimruhusu aende jikoni kumalizia keki ya mteja, ila akae kwenye kiti. Ilikuwa keki ya mtoto anayetimiza mwaka. Mama Keki alisawazisha krimu pembeni kwa mwiko bapa, akazungusha meza, akasawazisha tena. Mkono wake haujawahi kumwangusha. Juu aliandika tarakimu moja kubwa ya njano, akarudi nyuma kuitazama, akatoka jikoni haraka.

Alimpigia mumewe. Simu imezimwa. Akamtumia ujumbe: "Usimwamini mama. Nipigie kabla hujafika." Haukujibiwa.

Usiku huo alilala katikati ya kitanda akiyapanga maneno. Nitaanza na nyongo. Hapana, nitaanza na mtoto. Hapana, nitamwambia kwanza nampenda. Kila alipoanza, maneno yalifika kwenye kisu yakakwama.

*

Mumewe aliingia siku iliyofuata, jua likiwa kali. Buti zilikuwa na vumbi, mkanda wa kazi ungali kiunoni, vyuma vyake vikigongana kila alipopiga hatua. Hakubeba zawadi yoyote.

"Shikamoo, mama. Mke wangu yuko wapi?"

"Marahaba, baba mtarajiwa! Hata maji hunywi? Yuko chumbani, amepumzika. Mwone anavyokimbia!" Mama mkwe aliwaambia kuta, kwani mashangazi walikuwa bado njiani.

Fundi aliingia chumbani, akafunga mlango, akageuza ufunguo.

Mama Keki alikuwa amesimama kando ya dirisha, maneno yake yote aliyoyapanga yako tayari. Akayasahau alipouona uso wa mumewe. Hakuwa mtu mwenye furaha. Alikuwa mtu ambaye hajalala.

"Mume wangu, kabla hujasema chochote..."

"Ya nani?"

Hakuelewa. "Ya nani nini?"

"Mimba. Ni ya nani?"

Nikwambie ukweli, msomaji, Mama Keki alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kwa kuachwa. Kwa swali hili hakujiandaa.

"Umenitukana," alisema polepole.

"Nimekuuliza. Nimepanda malori mawili kuja kuuliza. Nitajie tu, sitapiga kelele, mama yuko pale sebuleni. Ni mteja wako? Ni nani?"

"Hakuna mimba!"

"Mama amesema..."

"Mama yako amesema! Daktari amepima, hakuna! Na hata ingekuwepo, ingekuwa ya nani kama si yako? Mimi natoka jikoni naenda wapi?"

Fundi alitikisa kichwa. "Umebadilika. Huli nami mezani, hunilalii kifuani. Kila nikirudi umepungua zaidi. Mtu anapungua hivyo kwa ajili ya nani?"

Na Mama Keki, aliyekuwa amelibeba neno lile karibu mwaka mzima bila kujua mwanzo wake uko wapi, alijikuta analitoa lote kwa hasira.

"Kwa ajili yako! Nilipasuliwa! Si nyongo, hakukuwa na nyongo, nilikudanganya. Nilikatwa tumbo likawa dogo hivi, ili nipungue, ili presha ishuke, ili nikuzalie mtoto nisife! Jana nimekunywa sukari kliniki nikaanguka kwa sababu tumbo langu haliiwezi tena, na niliinywa kwa sababu mama yako alikuwa ananitazama. Haya, umesikia. Niache kama unaniacha."

Alipandisha blauzi, akamwonyesha. Mumewe aliviangalia vile vikovu kama hajawahi kuviona, na kwa kweli alikuwa ameviona mara nyingi.

Akakaa sakafuni. Vyuma vya mkanda vikagonga sementi.

"Ulikwenda kulala kwenye kitanda kile," alisema.

"Nilikwenda."

"Nani alikuwa nje ya mlango?"

"Nini?"

"Ulipokuwa ndani. Nani alikuwa amekaa nje anakusubiri?"

Swali hili ndilo lililomvunja Mama Keki. Akaketi naye pale chini, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Hakukuwa na mtu," alisema.

Fundi alifuta uso kwa kiganja, akauchafua zaidi kwa vumbi.

"Hata mimi," alisema, "hakukuwa na mtu."

Mama Keki alimtazama. "Wewe umepasuliwa nini?"

"Unamkumbuka yule daktari, kabla ya yote haya? Tulikaa mbele yake viti viwili. Akasema kwa hali hii mimba inaweza kukuua."

"Alisema nipunguze uzito kwanza."

"Sikusikia hilo. Nilisikia kukuua." Aliongea akiitazama sakafu. "Nikamwona dada. Nikarudi kazini, kila siku nikipanda mnara nakuona wewe umelazwa pale alipolazwa yeye. Na wewe ulikuwa unataka mtoto, ulikuwa unapaka rangi zile keki huku unaimba. Nisingeweza kukuambia basi, tuache. Ungeona sikutaki. Kuna mji karibu na kambi yetu, kuna hospitali. Nikaomba ruhusa ya nusu siku."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga uzazi. Nilikatwa mimi, ili usikatwe wewe."

Kule sebuleni mama mkwe alikuwa anaimba, anavuta viti.

Mama Keki alikaa na lile neno. Taratibu, kila kitu kilianza kurudi na kujipanga upya kichwani mwake: vidonge alivyomeza kwa siri, asubuhi baada ya asubuhi, kumzuia mtoto asiyeweza kuja. Hofu yake ya jana mbele ya kipimo. Kisu chake, cha kufungua mlango ambao mwenzake alikuwa ameshaufunga kwa kisu chake. Watu wawili wa kitanda kimoja, kila mmoja amekwenda hospitali na mkoba wake, akarudi akatabasamu.

Alitaka kumpiga. Alitaka kumlaza kichwa mapajani. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Na uliniacha nisubiri," alisema. "Kila mwezi, kabla ya kisu changu, uliniona nahesabu siku, ukaniacha."

"Nilidhani utachoka kutaka."

"Sikuchoka."

"Najua. Sasa najua."

"Daktari wa jana amesema naweza," Mama Keki alisema, na sauti ikaanza kumtoka vibaya. "Amesema nikisubiri kidogo, nikila vizuri, damu ikijaa, naweza kubeba, naweza kuzaa, wapo aliowazalisha. Amesema nikulete. Ndiyo habari niliyokuwa nakusubiri nikupe. Naweza." Alimshika mumewe mkono, akaubana. "Hicho ulichofungwa, kinafunguka?"

Fundi aliutazama mkono ule uliomshika.

"Kinafunguka?"

"Sikuuliza," alisema.

Geti likalia. Sauti za mashangazi zikaingia kwa pamoja, za vicheko, za mifuko ya plastiki, za viatu kuvuliwa. Kitasa cha mlango wa chumba kikazungushwa.

"Nyie, mbona mmejifungia?" mama mkwe aliita kwa furaha. "Tokeni, watu wamefika! Wanataka kumwona mama mtarajiwa!"

Mumewe alianza kuinuka. Mama Keki akamkalisha kwa mkono. Aliinuka yeye, akajifuta uso kwa pindo la blauzi, akageuza ufunguo na kufungua mlango kidogo, mtu mmoja tu kupita.

"Ingia, mama," alisema. "Wewe peke yako. Wengine watusubiri."

Mama mkwe aliingia, tabasamu likiwa bado usoni. Alimwona mkwewe macho mekundu. Akamwona mwanawe sakafuni, na buti zake na mkanda wake, hana hata nguvu ya kumwinulia uso. Tabasamu likaondoka.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nani amekufa?"

Mume alimtazama mke, mke akamtazama mume, na hakuna kati yao aliyejua kama jibu ni, "Hakuna."